Mzuka wa Kijani Si Kasoro ya Rangi

Tangu Agosti 28, 2025, ukumbi wa Sphere jijini Las Vegas umekuwa ukionyesha The Wizard of Oz, filamu ya mwaka 1939. Imetanuliwa kwa akili mnemba ili ijaze skrini inayomzingira mtazamaji, na imekatwa kutoka dakika 102 hadi takriban 75. Mwaka mmoja kabla ya hapo, nakala mpya za 4K za Aliens, The Abyss na True Lies zilitoka na kuzua malalamiko: programu ya kompyuta ilikuwa imelainisha nyuso za waigizaji na kunoa kingo za vitu kupita kiasi. Watetezi wanasema filamu za kale zimepewa uhai mpya; wapinzani wanasema zimenajisiwa. Naona pande zote mbili zinabishana juu ya jambo la pili kabla ya kumaliza la kwanza. Wote wanachukulia kwamba kasoro za filamu ya kale zinajulikana, kwamba uchafu ni uchafu na ukungu ni ukungu, na kinachobaki ni kuamua tusafishe kwa kiasi gani. Sivyo. Zipo filamu ambazo kile programu inakiona kuwa kasoro ndicho fundi alichokihangaikia miezi kadhaa. Mfano ulio wazi kuliko yote ninayoijua ni Blithe Spirit, kichekesho cha Uingereza cha mwaka 1945 kuhusu mzuka wa mke aliyerudi nyumbani. Mzuka ule umetengenezwa kwa rangi. Ukiisahihisha rangi yake, umeondoa filamu yenyewe.

Asili yake ni mchezo wa jukwaani ambao Noël Coward aliuandika Mei 1941 akiwa Portmeirion, Wales, wakati London inatoka kwenye miezi mirefu ya mabomu. Mchezo ulifunguliwa Piccadilly Theatre Julai 2 mwaka huohuo, ukaonyeshwa mara 1,997. Hakuna mchezo usio wa muziki uliokuwa umefikia idadi hiyo West End, mtaa wa kumbi kubwa za maigizo London, na rekodi ikadumu hadi 1957 ilipovunjwa na The Mousetrap. Kisa chenyewe ni chepesi kueleza. Charles Condomine, mwandishi wa riwaya, anamwalika nyumbani kwake Madame Arcati, mama mwenye kudai kuzungumza na wafu, ili ajifunze mbinu zake na kuzitia kwenye kitabu. Anayerudi kutoka ng'ambo ya pili ni Elvira, mke wake wa kwanza, aliyefariki miaka saba nyuma. Charles peke yake ndiye anayemwona na kumsikia. Ruth, mke wa pili, anaona mume anayemfokea mtu asiyekuwepo, na kila tusi linalomwendea Elvira linamwangukia yeye. Kay Hammond, aliyekuwa Elvira wa jukwaani, na Margaret Rutherford, aliyekuwa Madame Arcati, waliingia na nafasi zao kwenye filamu. Rex Harrison akawa Charles na Constance Cummings akawa Ruth. Mwongozaji alikuwa David Lean, aliyepanda kutoka meza ya uhariri, na mpiga picha alikuwa Ronald Neame. Kazi ilifanyika katika studio za Denham, nje ya London, vita vikiwa bado vinaendelea, na kwa Technicolor, mfumo wa kupiga filamu za rangi.

Jukwaani mzuka si tatizo kubwa. Mtazamaji akishaambiwa kwamba huyu haonekani, anakubali, na mwigizaji anatembea kama kawaida. Sinema ilikuwa na desturi yake tofauti, na ya zamani: mzuka lazima upitishe mwanga. G. A. Smith wa Brighton alikuwa akipiga vizuka vya namna hiyo tangu 1898, kwa kuupitisha mkanda uleule mbele ya lenzi mara mbili. Kwanza unapiga chumba pamoja na watu walio hai. Unaurudisha mkanda mwanzo, unamweka mzuka mbele ya pazia la mahameli meusi, unapiga tena juu ya picha ya kwanza. Weusi hauachi alama yoyote, kwa hiyo mzuka unaonekana chumbani huku ukuta na viti vikionekana kupitia mwili wake. Mbinu inafanya kazi, lakini ina masharti makali. Kamera lazima ifungwe isitikisike kabisa kati ya mapigo mawili, kwa kuwa ikisogea unywele mmoja mzuka utateleza sakafuni. Mwigizaji aliye hai anazungumza na hewa, na mzuka naye anazungumza na hewa siku nyingine, wote wakihesabu sekunde ili majibu yalingane. Katika Technicolor ya wakati huo, mikanda ya kurudishwa ilikuwa mitatu kwa pamoja, na yote ilipaswa kurudi kwenye fremu ileile.

Kwa filamu ya kutisha masharti hayo yanavumilika. Kwa kichekesho cha Coward yanaua. Ucheshi wake uko kwenye kasi: Charles anamjibu Elvira, Ruth anadhani amejibiwa yeye, Elvira anaingilia kabla sentensi haijaisha. Mapigo hayo hayapatikani kwa waigizaji wasiosimama chumba kimoja. Na kuna sababu nyingine ya kisanaa ambayo kwangu ni nzito zaidi. Elvira hakurudi kuogofya mtu. Amerudi kuketi kwenye mkono wa kiti, kujilaza kwenye kochi, kunusa maua, kupanda gari, na kumchokoza mwanamke aliyechukua nafasi yake. Katika nyumba ile yeye ndiye mwenye uhai kuliko wote. Mzuka wa kupitisha mwanga ungekuwa mwepesi kuliko fanicha. Elvira anahitaji uzito. Lean na Neame wakaiacha mbinu iliyokuwa na umri wa karibu nusu karne, wakaamua mzuka awe mwanamke kamili, mwili wake mzima mbele ya kamera, anayetofautiana na walio hai kwa jambo moja tu, yaani rangi.

Namna walivyofanya inastahili kuelezwa polepole, maana hapa ndipo wasahihishaji wa leo wanapopotea. Hammond alipakwa vipodozi vya kijani usoni na mikononi, akavikwa wigi na gauni jepesi la kijani vinavyong'aa kwenye mwanga, midomo na kucha zikaachwa nyekundu sana. Ilijengwa seti kubwa, yenye nafasi ya kuhamisha kamera na ya kumtenga Elvira na wenzake, na taa maalumu ikawa inamfuata kila anapokwenda, hata anapoingia kwenye kivuli. Kila kipengele kina sababu. Vipodozi peke yake havitoshi, kwa sababu mtu aliyepakwa kijani akiingia kwenye kona yenye giza anakuwa kivuli tu kama wengine. Taa ya kijani peke yake nayo haitoshi, kwa sababu rangi nyekundu haiakisi mwanga wa kijani: chini ya kijani tupu midomo ile ingegeuka myeusi. Kwa hiyo lazima mwanga umpe Elvira kijani chake bila kuunyang'anya uwekundu wa midomo, na lazima usimwangukie Harrison aliye hatua mbili pembeni, la sivyo naye anaingia kaburini kabla ya wakati wake katika hadithi. Ndiyo maana ya ukubwa wa seti. Katika chumba cha kawaida mwanga wa kijani ungegonga ukuta na kurudi kwenye mashati meupe ya wanaume.

Sasa ingiza kamera ya Technicolor. Ndani yake prizimu iligawa mwanga kwa mikanda mitatu ya nyeusi na nyeupe. Mmoja ulikaa peke yake kwenye dirisha lake, ukapokea kijani. Miwili ilibananishwa uso kwa uso kwenye dirisha la pili: wa mbele ulipokea buluu, wa nyuma nyekundu. Mwanga wa nyekundu ulipaswa kupita kwenye mkanda wa mbele kwanza, kwa hiyo picha ya nyekundu ilikuwa na ukungu kidogo, na picha ya kijani ilikuwa kali kuliko zote. Maabara ilitengeneza kutoka kwenye mikanda hiyo vibao vitatu vya jelatini, kila kimoja kikaloweshwa rangi ya kinyume chake, yaani samawati-kijani, majenta na njano, kisha vikagandamizwa kwa zamu juu ya mkanda mmoja wa maonyesho. Jambo la kushika hapa ni hili: kwenye nakala ya sinema, kijani cha Elvira ni mahali ambapo majenta haikugandamizwa. Uso wake umechorwa kwa kuzuia rangi moja isifike.

Chuo cha sinema cha Marekani kilielewa. Katika sherehe ya Machi 1947 tuzo ya Oscar ya athari maalumu ilikwenda kwa Tom Howard kwa kazi ya Blithe Spirit. Filamu nyingine pekee iliyoteuliwa ilikuwa A Stolen Life, ambamo Bette Davis anacheza mapacha wawili ndani ya picha moja, kazi inayotegemea kuunganisha sehemu mbili zilizopigwa mbalimbali. Yaani walilinganisha njia mbili za kumleta chumbani mtu asiyeweza kuwepo, wakachagua ya Denham.

Programu ya kusahihisha picha haijui lolote kati ya haya. Inafanya kazi kwa kubahatisha kilicho cha kawaida. Kanuni yake ya kwanza, kwa mifumo mingi ya kusawazisha rangi, ni kwamba picha ikielemea rangi moja basi kuna hitilafu ya mwanga, irudishwe katikati. Kanuni ya pili inahusu ngozi. Mafundi wa rangi wana kipimo kiitwacho vektaskopu, na ndani yake kuna mstari ambao ngozi za binadamu, kuanzia nyeusi kabisa hadi nyeupe kabisa, huangukia karibu nao, kwa kuwa sote tumetiwa rangi na melanini na damu. Ni kipimo kizuri. Lakini Elvira amewekwa mbali na mstari huo kwa makusudi, na mfumo unaotafuta nyuso ili uzirudishe kwenye mstari utamkuta yeye kwanza. Kanuni ya tatu ni ya uso wenyewe: programu za kuongeza ukali zimefunzwa kwa picha nyingi mno za watu walio hai, na zikikuta uso wenye ukungu zinaujaza kwa vinyweleo na vivuli vya mtu aliye hai. Kanuni ya nne ni ya mwendo: ili uonekane laini, programu hutunga picha za ziada na kuziingiza kati ya zile za kamera. Kati ya picha 60 za kila sekunde katika nakala iliyolainishwa, zilizopigwa na kamera haziwezi kuzidi 24. Angalau 36 zimetungwa. Utungaji huo hukosea zaidi pale kitu kimoja kinapopita mbele ya kingine, kwenye kingo. Mwanamke wa kijani anayepita mbele ya meza ya kahawia ni kingo tupu.

Wanaoitetea teknolojia hii wana hoja zenye mashiko, na si haki kuzipita. Ya kwanza ni kwamba urejeshaji wowote ni uingiliaji. Mikanda mitatu ya Technicolor husinyaa kwa viwango tofauti kadiri miaka inavyopita. Ukiipanga tena bila msaada wa kompyuta, kingo zinapata michirizi ya nyekundu na kijani, na mashine ndiyo inayoweza kuvuta kila fremu irudi mahali pake. Taasisi ya filamu ya Uingereza, BFI, iliporejesha filamu 10 za mwanzo za Lean mwaka 2008, miaka 100 tangu azaliwe, haikuwa inapuliza vumbi tu. Hoja ya pili ni ya watazamaji: kijana aliyezoea picha kali ataifunga filamu yenye chembechembe dakika ya pili, na filamu isiyotazamwa imekufa hata ikihifadhiwa vizuri namna gani. Ya tatu ni kwamba negativu za asili, yaani mikanda iliyopita kwenye kamera, zipo salama, kwa hiyo nakala mpya haiondoi kitu. Hii ya tatu ni kweli kwenye ghala na si kweli sebuleni. Mtazamaji wa Mombasa au Mwanza hana njia ya kuingia ghala la BFI. Kwake filamu ni ile inayofunguka kwenye simu au kwenye televisheni ya ukutani, na nakala iliyosambaa ndiyo inayokuwa filamu.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayorudiwa sana: kwamba Lean angekuwa na zana hizi angezitumia. Kwanza, inamsemea marehemu. Pili, kwa filamu hii tuna ushahidi wa kinyume. Zana ya kumfanya Elvira aonekane kama watu wa 1945 walivyotarajia mzuka aonekane ilikuwepo, ilikuwa inajulikana na kila fundi wa Denham, wakaikataa na kuchagua njia ngumu zaidi. Anayedai kwamba kijani kile ni upungufu wa teknolojia anadai kwamba walioweza jambo jepesi walifanya gumu kwa kutojua. Naongeza kwamba wakati wenyewe si kila mtu aliridhika: Coward hakuipenda filamu, hasa mwisho wake uliobadilishwa, ambamo Charles naye anakufa na kuungana na wake zake wawili. Mtu ana haki ya kuona kwamba kijani hakikufanikiwa. Lakini kutofanikiwa kwa uamuzi hakuugeuzi kuwa ajali, na anayekarabati anapaswa kuhifadhi hata maamuzi asiyoyapenda.

Kuna mfano unaonyesha mpaka ulipo. The War of the Worlds ya mwaka 1953, nayo ya Technicolor, ina vyombo vya anga vinavyoning'inia kwa nyaya. Kwenye nakala za kugandamiza rangi nyaya hazikuonekana sana, kwa kuwa rangi husambaa kidogo kwenye jelatini na kufunika kitu chembamba. Nakala za baadaye, zilizotengenezwa kwa njia nyingine, zikazianika. Urejeshaji wa 2018 ulizifuta kwa kompyuta, na nauunga mkono, kwa sababu waliotengeneza hawakukusudia nyaya zionekane. Blithe Spirit ina vitu vyake vinavyotembea hewani mbele ya macho ya Ruth, na kanuni hiyohiyo inafaa. Rejea sahihi basi ni nakala ya sinema kama ilivyomfikia mtazamaji wa kwanza. Negativu ina maelezo ambayo hakuna aliyewahi kuyaona ukumbini, na ladha ya programu ni ya mwaka huu. Kwa bahati rejea hiyo inaweza kupatikana. Rangi za kugandamiza za Technicolor ni imara, tofauti na mikanda ya rangi ya miaka ya 1950 iliyofuata, ambayo mingi imefifia ikawa ya waridi. Nakala ya 1945 iliyotunzwa bado inaweza kuwekwa kando ya skrini ya fundi ikamwambia kijani kilikuwa kipi.

Nakala unayotazama inaweza kupimwa bila kifaa chochote. Anza na umbo. Picha ya asili ina uwiano wa 1.37 kwa 1, kwa hiyo kwenye skrini ya pikseli 1,920 kwa 1,080 inapaswa kuchukua upana wa takriban 1,480, na weusi pande mbili. Ikijaza skrini yote bila watu kunenepa, imekatwa juu na chini, na umepoteza karibu asilimia 23 ya kimo. Tazama muda: filamu ni ya dakika 96. Nakala ya dakika 92 na ushei kwa kawaida haijakatwa. Imeharakishwa kutoka picha 24 hadi 25 kwa sekunde kwa ajili ya televisheni za Ulaya, na sauti zimepanda kidogo, hasara kwa mzuka ambaye nusu ya ucheshi wake ni sauti nzito ya kuvuta ya Hammond. Kisha tafuta kitu cheupe kwenye picha aliyomo Elvira, kwa mfano kifua cha shati la Charles. Likiwa jeupe na Elvira wa kijani, uko salama. Likiwa na waridi, mtu amejaribu kuua kijani kwa kuongeza majenta kwenye picha nzima, kwa sababu majenta ndiyo kinyume chake. Shati likiwa jeupe lakini uso wa Elvira wa kijivu huku midomo ikibaki myekundu, amechagua kijani peke yake na kukipunguza. Utaona mwanamke aliyepaka poda nyingi, na hutaelewa kwa nini Ruth hamwoni.

Televisheni yenyewe inaweza kuharibu nakala nzuri. Zima ulainishaji wa mwendo, uitwao TruMotion, Motionflow au Auto Motion Plus kutegemea kampuni iliyoitengeneza, maana nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimewashwa. Achana na mpangilio wa picha wenye rangi kali unaopendwa madukani na kwenye vibanda vya video. Unasukuma kijani na nyekundu kwa pamoja hadi pengo kati ya Elvira na bustani linatoweka. Televisheni nyingi za tangu 2020 zina Filmmaker Mode, ambayo inazima ulainishaji wa mwendo na unoaji kwa mkupuo. Punguza na mwanga wa chumba, kwa kuwa mandhari kadhaa ziko gizani na mzuka ndiye taa.

Jaribio gumu zaidi ni Ruth. Kwa zaidi ya nusu ya filamu Constance Cummings ana ngozi ya kawaida, kisha anakufa kwenye gari ambalo Elvira alikuwa amelichezea ili amuue Charles, na anaporudi naye ni wa kijani. Hakuna maelezo marefu. Rangi ndiyo taarifa ya kifo. Mifumo mipya inayotambua uso wa mwigizaji na kuufanya ufanane kutoka mandhari moja hadi nyingine, jambo linalohesabiwa kuwa sifa yake kubwa, ingepima uso wa Ruth wa saa ya kwanza na kuurudisha kwenye wa mwisho. Ingemfufua, na hitimisho zima la kisa, mume mmoja kati ya wake wawili waliokufa, lingekosa maana bila hata neno moja la mazungumzo kubadilishwa.

Ndiyo maana ninachodai kwa wasambazaji ni taarifa tatu kwenye ukurasa wa kila filamu ya kale, kabla ya kitufe cha kutazama: nakala imetoka kwenye mkanda upi na ghala lipi; imelinganishwa na nakala gani ya wakati wake; na ni programu ipi iliyogusa nyuso, mwendo au rangi, kwenye sehemu zipi. Wauza dawa huandika kilichomo kwenye chupa. Huduma inayotoza ada ya mwezi kuonyesha kazi ya Neame na Howard inaweza kuandika kwamba kijani cha Elvira ni chao, au kwamba kimebadilishwa na nani.